Sura ya Nne: Mshale Uliopanda Peke Yake

"Anza upya," Inspekta alisema.

"Afande, nimeanza upya mpaka upya wenyewe umechakaa."

Konstebo aliyesimama mlangoni alicheka, kisha akajikohoza ili ionekane ni kifua. Inspekta hakugeuka. Alivuta kiti, akaketi uso kwa uso na mahabusu wake, mlinzi wa chumba cha swichi cha idara ya maji, mtu ambaye mji mzima ulimwita Kipara na ambaye mwenyewe aliitikia jina hilo bila kinyongo. Siku ya pili hii alikuwa amelala sakafuni, na shati lake lilionyesha.

"Kesho asubuhi unapelekwa mahakamani," Inspekta alisema. "Shtaka ni mauaji. Ukifika kule nitakuwa sina la kukusaidia. Kwa hiyo anza upya."

Kipara alikuna kichwa.

"Mzee fundi alikuja asubuhi na binti yake. Kebo ya kupeleka umeme kwenye pampu ya tangi, kule juu kilimani, ilikuwa haijatumika muda mrefu. Bosi alitaka ipimwe kabla ya kuwashwa. Binti akapanda kilimani, mzee akabaki kwangu, chini, na mega, ile mashine yake ya kupimia kebo. Wanazungumza kwa simu. Basi."

"Swichi ilikuwa imezimwa?"

"Imezimwa, na mzee ametia kofuli lake."

"Na ufunguo wa akiba?"

"Ninao. Ndiyo kazi yangu, afande. Mlinzi asiye na ufunguo si ni mpita njia tu?"

"Ulimwambia marehemu, yule binti, mbele ya watu, kwamba atakutambua."

Kipara aliinamisha kichwa. "Nilisema. Alinishtaki kwa bosi kwamba nalala kazini. Na nalala kweli! Lakini mtu akikushtaki kwa jambo la kweli ndiyo inachoma zaidi. Nilisema kwa hasira, afande. Na huko kunitambua kwenyewe, nilikuwa nimepanga tu nisimsalimie wiki nzima."

"Siku hiyo ulilala?"

"Nani angelala? Mzee muda wote yuko kwenye simu. 'Mama, shuka kwenye ngazi, napima.' 'Mama, kaa mbali.' 'Mama, usiguse kitu.' Alimwita hivyo binti yake kwa kuwa alibeba jina la bibi yake. Mzee alipomaliza kupima, akasema, 'Tayari, Mama. Panda ufunge.' Mimi nikajimiminia chai. Ilikuwa ya moto. Ilipopoa kiasi cha kunyweka, ndipo nikasikia anaita. 'Mama? Mama?' Simu iko hewani, anayejibu hakuna."

"Uligusa swichi?"

"Sikugusa. Swichi ile ikiwashwa inapiga kama mlango wa lori bovu. Mzee alikuwa palepale. Muulize kama alisikia."

"Tulimuuliza," Inspekta alisema, akafungua maelezo ya mzee. "Alisikia kishindo."

Kipara alifunua mdomo, akaufunga. Kisha akasema polepole, "Basi mimi nimekwisha."

*

Chumba cha swichi kilikuwa chini ya kilima, kimejengwa kwa matofali, kina dirisha moja na harufu ya mafuta. Nje, mke wa Kipara alikuwa amekaa kwenye kizingiti na khanga yake imekunjwa mapajani. Alikuwa ameambiwa hapo ndipo inspekta atapita, akaja kumsubiri.

"Shemeji," alimwambia, ingawa hawakuwa wameonana kabla, "mume wangu mvivu. Hilo nitalisema hata mahakamani. Lakini mtu mvivu hivyo atapata wapi bidii ya kuua?"

Inspekta alimwinamia kidogo kwa heshima, akaingia ndani. Konstebo alifunga mlango.

"Wewe ndiye uliyefika hapa kwanza," Inspekta alisema. "Ulipiga picha?"

"Nilipiga mpaka za paka, afande."

"Nipe simu."

Alizipitia moja moja. Paka alikuwemo kweli. Palikuwa na kikombe cha chai kimejaa, kofuli kwenye swichi, buti za mzee mlangoni alipozivua ili akimbie vizuri kilimani. Kisha picha moja ikamzuia. Aliikuza kwa vidole viwili, akasogea mpaka mbele ya swichi yenyewe, akalinganisha.

"Hizi ncha tatu za kebo, zilikuwa zimeshikana na nini?"

Konstebo alichungulia. Pichani, nyaya tatu nene zilining'inia mbele ya swichi, kila moja peke yake, zimefungwa utepe mwekundu zisigusane. Midomo ya swichi, pale kebo inapofungwa, ilikuwa wazi.

"Na hewa," alisema.

"Na ukiwasha swichi hii, umeme unafika wapi?"

Konstebo alinyoosha kidole kwenye midomo ya swichi. Kisha akakirudisha. "Unaishia hapa."

"Hauingii kwenye kebo."

"Hauwezi. Haijaungwa." Alikuna shingo. "Ndiyo maana fundi huifungua kabla ya kupima. Asipime swichi badala ya kebo. Afande, ina maana Kipara angewasha mara mia…"

"Mara mia, na binti asingepata hata mtekenyo."

Kwa dirisha ilionekana njia ya vumbi inayopanda kilimani na, mwisho wake, tangi la zege na ngazi ya chuma ubavuni. Binti alikutwa chini ya ngazi hiyo. Daktari aliandika kwamba kilichomuua ni kuanguka: shingo. Ila kwenye ncha ya kidole cha shahada alikuta alama ndogo ya kuungua, kama ya kiberiti. Inspekta alikuwa ameisoma taarifa hiyo akafikiri: umeme wa mtambo, uliowashwa kwa swichi. Sasa akajiuliza kwa nini alama ilikuwa ndogo hivyo. Umeme wa mtambo ungemshika, ungemchoma kiganja.

"Basi umeme uliomrusha ulitoka wapi?" Konstebo aliuliza.

Inspekta alifungua sanduku la vielelezo, akatoa mega ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kama ilivyookotwa. Ilikuwa kisanduku cha njano chenye nyaya mbili na kitufe cha kuzungusha. Kando ya kitufe yaliandikwa mafungu ya volti: mia mbili na hamsini, mia tano, elfu moja, elfu mbili na mia tano, elfu tano. Kitufe kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho.

Aliitazama namba hiyo kwa muda. Kisha akapiga simu chuo cha ufundi.

*

Mwalimu wa umeme aliyemkuta chuoni alikuwa mwanamke mfupi anayezungumza haraka, na alikuwa na darasa dirishani linalomsubiri. Aliposikia namba, aliacha kutazama saa.

"Kebo hiyo inabeba volti ngapi ikifanya kazi?"

"Mia nne."

"Basi hupimwa kwa mia tano. Fundi akiwa na sababu nzuri, elfu moja. Unaipa msukumo unaozidi kidogo ule wa kila siku, uone kama ganda la waya linavujisha. Hiyo inatosha." Alivua miwani. "Elfu tano ni ya nyaya za njia kuu. Kwa kebo ya zamani kama hiyo unaweza kulitoboa ganda lililokuwa zima. Na si hilo tu. Kebo ndefu ukiisukumia umeme, inaushika. Ganda lenyewe linaunywa, hasa likiwa la zamani. Kadiri unavyosukuma kwa nguvu ndivyo inavyoshika mwingi. Lazima uutoe wote kabla mtu hajagusa."

"Unautoaje?"

"Kwa fimbo yenye waya unaokwenda ardhini. Mafundi wanaiita fimbo ya ethi. Unagusisha, inalia pa! Umeme unashuka."

"Kisha kebo ni salama?"

Mwalimu alimtazama kama mtu anayepima kama mgonjwa aambiwe leo au kesho.

"Uliyekuja kuniuliza habari zake," alisema, "alikuwa na mtoto wake upande wa pili, sivyo?"

*

Msibani walikuwa wamepanga viti uani. Mzee fundi alikaa ukutani, miguu imenyooshwa mbele yake, bado amevaa ovaroli ya kazi. Hakuna aliyethubutu kumwambia aivue. Dada yake alisimama mbele ya Inspekta kabla hajafika.

"Kaka, ndugu yetu hajala tangu juzi. Kama umeleta habari za yule muuaji, sema uondoke. Kama umeleta maswali, ondoka bila kusema."

"Mwache," mzee alisema. "Ana kazi yake. Kaa, afande. Amekiri?"

Inspekta alichuchumaa badala ya kukaa. "Bado, mzee. Nataka uniambie tena ulivyopima."

Macho ya mzee yalipata uhai kidogo. Hiki alikuwa anakijua.

"Nilifungua ncha huku chini. Mama akafungua kule juu. Nikamwambia ashuke kwenye ngazi, maana sipimi mtu akiwa karibu na ncha. Hilo sina mchezo nalo. Nikaanza na mia tano. Mshale ukasema kebo nzima. Nikapandisha elfu tano, nikaiacha ikae. Ikasema nzima. Nikazima mega, nikagusa ethi."

"Kwa muda gani?"

"Nikagusa. Ikalia pa! Nikatoa." Alionyesha kwa mkono, haraka, kama mtu anayegusa pasi aone kama imepata moto. "Nimefanya hivyo tangu ujana wangu. Nyumba ngapi, shule ngapi. Nikamwambia Mama, tayari. Mpaka apande ngazi upya, alegeze mkanda wa usalama ili alifikie boksi la kebo…"

"Na kishindo ulichosikia, mzee. Ulikisikia kwa sikio gani?"

"Sikio?"

"Ulipogeuka. Kilitokea upande gani?"

Mzee aliinua mkono kukumbuka. Mkono ukaenda wenyewe, ukakunjika kama umeshika kitu, ukatulia kwenye sikio la kushoto. Sikio la simu, simu iliyokuwa ikizungumza na kilimani.

Inspekta aliutazama mkono huo. Dada mtu aliutazama pia, naye akaketi ghafla kwenye kiti kilichokuwa karibu, mtandio mdomoni. Mzee peke yake hakuwa ameona.

"Mzee," Inspekta alisema, "mwalimu wa chuo anakuja kupima kebo ile mchana huu. Sikulazimishi. Lakini Kipara anapelekwa mahakamani kesho, na wewe ndiye shahidi pekee. Nisingependa usikie matokeo kwa watu."

"Nitakuja," mzee alisema, akaanza kutafuta buti zake. "Lazima kuwe na fundi."

*

Konstebo alitumwa juu kwenye tangi na simu. Alizungushia kamba chini ya ngazi, akasimama mbali na ncha za kebo na kuapa kwamba hata inzi hatatua. Chini, mwalimu alivaa glavu za mpira, akaunganisha mega, kisha akaongeza mita ya volti yenye uso mpana, mshale wake ukiwa kwenye sifuri.

"Naanza na mia tano," alisema.

Alipima kwa muda uleule aliotajiwa na mzee njiani. Akazima, akachukua fimbo ya ethi. "Ulifanya hivi?" Akagusa. Kebo ikalia kidogo, tik. Akaondoa fimbo.

"Hivyohivyo," mzee alisema. Alisimama ameweka mikono nyuma, kama mkaguzi. "Safi."

"Sasa tungoje muda wa mtu kupanda ngazi."

Walingoja. Mshale uliinuka kidogo, ukasimama kwenye volti makumi kadhaa.

Mzee alikunja uso. "Umezima mega?"

"Imezimwa. Nyaya zake hizi hapa mkononi. Umeme ulionywewa na ganda unarudi kwenye shaba polepole. Ukigusa saa hizi utasema 'aah!', utatukana, utacheka. Kwenye nyumba, ambako waya ni mfupi, hata hilo hulioni. Ndiyo maana mtu anaweza kugusa ethi mara moja miaka yote na asipate somo."

Mzee alikuwa ameacha kusimama kama mkaguzi.

Mwalimu alimtazama Inspekta. Inspekta aliitikia kwa kichwa: endelea. Aliweka fimbo kwenye kebo akaiacha huko kwa muda mrefu mpaka mshale ukafa kabisa, ndipo akazungusha kitufe mpaka mwisho.

Mega ilivuma. Alipomaliza, akazima, akagusa ethi, na kebo ikapiga PA! Mke wa Kipara, aliyekuwa bado kizingitini, akaruka. Mshale ulianguka mpaka sifuri. Mwalimu akaondoa fimbo.

"Tayari," mzee alisema kwa sauti ya chini, kwa mazoea. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

Mshale ulianza kupanda.

Hakuna aliyekuwa amegusa chochote. Swichi ilikuwa na kofuli, mega imezimwa, ncha zinaning'inia hewani. Na mshale ulipanda, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi: ukapita makumi, ukapita mia, ukapita mia mbili, tatu, ukaendelea. Mzee aliufuata kwa macho. Ulipofika mia tano na kitu, ukapunguza mwendo.

"Huu hauui mtu aliyesimama chini," mwalimu alisema. Sauti yake ya haraka ilikuwa imemwishia. "Unamrusha mkono tu. Unamshtua."

"Alikuwa kwenye ngazi," mzee alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Mkanda amelegeza."

"Ndiyo."

Mzee alishika ukingo wa meza. Inspekta alisogea, lakini hakumgusa.

"Mia tano ilisema nzima," mzee alisema. Alikuwa anaongea na mita. "Ningeishia hapo. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini Mama ndiye aliyekuwa ameajiriwa kuitunza pampu ile. Angekuwa kule juu kila siku, peke yake, na mota, na maji, na kebo nzee. Nikasema ngoja niipige kwa nguvu zote. Kama ina ugonjwa, ujitokeze leo, mimi nikiwepo. Nilitaka nilale usingizi."

Mwalimu alifuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi.

"Nilitakiwa ningoje kiasi gani?" mzee alimuuliza. "Baada ya kugusa. Niambie. Usinionee huruma."

"Kungoja hakukuhitajika, baba. Ungeiacha tu fimbo kwenye kebo mpaka binti amalize kufunga. Usingefanya kazi yoyote ya ziada."

"Kuiacha tu."

"Kuiacha tu."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mwanafunzi aliyeelewa. Kisha akageuka kwa Inspekta, na sura yake ilikuwa imezeeka kati ya swali na jibu.

"Mtoeni yule mtu."

"Nimeshaagiza, mzee. Anatoka sasa hivi."

Kizingitini, mke wa Kipara alisikia. Alisimama. Alikuwa na kila haki ya kupiga vigelegele, na alikuwa ameshavuta pumzi. Alimwona mzee, akaiachia pumzi hiyo kimya. Alivua kandambili zake, akaingia ndani pekupeku, akapiga goti mbele ya mzee, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, baba," alisema. "Pole sana, baba yangu."

"Nimemlaza mumeo sakafuni," mzee alisema.

"Sakafu ameizoea. Kazini analala wapi?"

Kitu fulani kilipita usoni mwa mzee, karibu kiwe tabasamu, kikavunjika kabla ya kufika. Mke wa Kipara alitoka kinyumenyume, akakimbilia kituoni.

"Andika ni mimi," mzee alimwambia Inspekta.

"Nitaandika kilichotokea. Kwamba volti zilizidi, kwamba ethi iliondolewa mapema. Na nitaandika kwa nini ulizipandisha."

"Hilo la mwisho halina kazi mahakamani."

"Nitaliandika."

Mwalimu alinyoosha mkono kuchukua fimbo ya ethi, amalize kazi, maana kebo ilikuwa bado na umeme wake. Mzee alimtangulia. Alivaa glavu za kwake, alizozitoa kwenye mfuko wa ovaroli. Akakagua waya wa ardhi mwanzo mpaka mwisho, akajaribu kibano chake kama kimebana, akaweka fimbo kwenye kebo. Pa. Mshale ulianguka. Hakuiondoa. Alisimama pale, amekamata fimbo kwa mikono miwili.

Walimwacha. Vumbi lilipita mlangoni. Mwalimu alifungasha nyaya zake moja moja, akafunga mkoba wake, akakaa juu yake.

"Imeshatulia, baba," alisema baadaye. "Imekwisha kabisa."

Mzee hakusogea.

Simu ya Inspekta ililia. Ilikuwa Konstebo, kutoka kilimani, na upepo ukivuma kwenye sauti yake.

"Afande, huku shwari. Niondoe kamba niteremke?"

"Mwambie asiguse," mzee alisema bila kugeuza uso. "Mwambie akae mbali na ngazi. Bado."

Inspekta alitazama mshale. Ulikuwa umelala kwenye sifuri, hautikisiki. Alitazama mikono ya mzee kwenye fimbo.

"Bado," alisema kwenye simu. "Kaa mbali na ngazi."

"Sawa, afande. Mpaka lini?"

"Mpaka mzee aseme."